Kabla hujasema hana nia

Mtu akiacha mazoezi hapa Mtwara hahojiwi, anahukumiwa. Hukumu yenyewe ni fupi: hana nia. Mama aliyekuwa akitembea kila alfajiri ufukweni Shangani akikosekana wiki mbili, wenzake wanatazamana, mmoja anasema "si nilijua," na habari yake inaishia hapo. Daktari anasema hivyohivyo kwa maneno ya kistaarabu zaidi. Mume anasema. Kibaya kuliko vyote, mwenyewe naye huishia kulisema, na akishalitamka kwa kinywa chake kumrudisha ni kazi.

Mimi nalipinga neno hilo, na nina sababu. Ninatunza daftari la kikundi chetu cha kina mama. Tunatembea alfajiri kabla jua halijapanda, na Jumamosi tunapima uzito na presha. Wengi wetu tuliambiwa kliniki kwamba presha imepanda, au sukari inanyemelea, au magoti hayatabeba mzigo huu miaka mingi. Daftari likiwa kwako unaona majina yanavyopotea, na mimi nilijizoesha kuwafuata wenye majina hayo. Naenda baada ya alasiri, jiko likiwa limetulia, nakaa mkekani, nauliza. Siendi kumburuta mtu arudi, naenda kusikiliza. Nimewakuta Chikongola, Magomeni, hata Mikindani. Mmoja nilimkuta sokoni nyuma ya beseni lake la dagaa, tukazungumza huku akipimia wateja.

Kila mmoja ana lake, lakini ukisikiliza wengi unaanza kuona jambo moja: mpango aliopewa mtu haukumwandaa kwa maisha anayoishi. Ulimwandaa mtu mwingine, anayekaa peke yake, mwenye sufuria yake, asiye na wifi.

Nianze na wifi, maana sababu niliyoisikia mara nyingi kuliko zote ni maneno ya watu.

Mama mmoja wa Chikongola alikuwa anaendelea vizuri kabisa. Presha ilishuka, magoti yakaacha kumsumbua, madera yakaanza kumpwaya. Hapo ndipo yalipoanza. Msibani, dada wa mumewe alimshika mkono, akaugeuza juu na chini, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Wifi, unaumwa nini?" Muuza nyanya akampa pole. Mama yake mzazi alipoteremka kutoka Newala kuja kumwona, alimtazama mlangoni akaanza kulia. Haukupita muda ikazuka kwamba mume kaoa kwingine na yule anakonda kwa mawazo. Aliniambia: "Dada, mimi sikuacha kwa uvivu. Nimechoka kupewa pole na sijafiwa."

Asiyeishi huku anaweza kuliona hilo ni jambo la kupuuza. Sisi tuliokuwa wasichana miaka ya 1990 tunajua macho yale yametoka wapi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na mpaka dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure kuanzia 2004, karibu kila mtaa ulikuwa umemwona mtu wake akipungua mbele ya majirani mpaka akaondoka. Mgonjwa yule hakutangaza ugonjwa wake. Watu waliusoma shingoni na mikononi. Kwa hiyo leo mwanamke akipungua, jirani mwenye umri wangu anaogopa kwanza, anauliza baadaye. Na hata kabla ya miaka hiyo, kunawiri kulikuwa sifa ya nyumba. Mwali aliyewekwa ndani alitakiwa atoke amejaa na anang'aa, mzazi aliyetoka kujifungua alitakiwa atoke uzazini na mashavu, na mke aliyenenepa alikuwa shahada ya mume anayetunza. Mke akikonda, mume naye anaulizwa. Wapo waume ambao ndio waliosema basi, acha hayo mazoezi, unanitia aibu.

Sasa tafuta karatasi yoyote ya dayati, usome mwanzo hadi mwisho, uone kama kuna mstari mmoja unaokuambia umjibu nini wifi yako msibani. Hakuna. Sisi tulijifunza kulizungumza mapema, siku ya kwanza mtu anapojiunga: utakonda kidogo, watasema, na haya ndiyo majibu. Linalofanya kazi kuliko yote ni kutaja presha. "Daktari aliniambia nipungue, presha ilikuwa inaniua." Watu wanaiogopa presha na kuiheshimu, kila ukoo una aliyeanguka nayo. Baadhi yetu tulikwenda mbali zaidi, tukawachukua mawifi na mama wakwe mpaka kwenye kipimo, wakasikia wenyewe muuguzi anasema nini. Mama mkwe akishaelewa, maneno ya mtaani yanakosa nguvu.

Jambo la pili ni chungu. Hapa nina hasira kidogo na sitaificha. Karatasi wanazopewa watu, na zile zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwa malipo ya kocha ambaye hujawahi kumwona, zimeandikwa kwa ajili ya jiko ambalo sisi hatuna. Asubuhi shayiri na maziwa yasiyo na mafuta. Saa nne tufaha. Mchana kifua cha kuku na brokoli. Usiku mtindi na matunda. Brokoli ukiitaka Mtwara utazunguka mpaka miguu iume. Na hata ukivipata vyote hivyo, ni vya kwako peke yako, wakati nyumbani kuna watu wanane wanaokungoja upike wali wa nazi au ugali wa muhogo na mchuzi wa samaki. Utapika vyungu viwili? Kwa mkaa gani? Utakaa pembeni na bakuli lako la majani wakati sinia liko katikati na wageni wameshanawa mikono? Mgeni akikuona umejitenga na sinia anajua kuna ugomvi.

Aliyewahi kula kwenye sinia anajua pia kwamba huwezi kupima. Robo sahani ya wanga, nusu sahani ya mboga, hayo ni maneno ya mwenye sahani yake. Tulichokubaliana ni vitu vinavyowezekana bila kumgombanisha mtu na nyumba yake. Tui zito la kwanza unalipunguza kidogokidogo, wiki hadi wiki, mpaka ulimi wa nyumba nzima unazoea. Samaki anachemshwa kwa ndimu na pilipili siku nyingi kuliko anavyokaangwa. Kisamvu, matembele na majani ya kunde yanaongezwa mpaka yajaze sinia upande wa kwako, na unaanzia hapo kabla ya kugusa wali. Mbaazi, choroko na njugu mawe zipo sokoni na zinashibisha kwa saa nyingi. Papai lipo. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, wakati wake yamejaa, na vitamini C yake inaizidi ya chungwa mara kadhaa. Ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ya kwetu, ukiimenya mojamoja barazani, inakulazimisha kula polepole, na hilo peke yake ni msaada.

Korosho ni habari ya pekee. Mwenzetu wa Dodoma ananunua kipakti anakula kama anasa. Kwetu ziko ndani, mgeni anawekewa, mtoto anaiba, wewe unachopoa kila ukipita. Gramu 50, ambazo ni kama viganja viwili vidogo, zina karibu kilokalori 280. Mama wa kilo 80 atatembea karibu saa nzima kuzitumia. Karatasi inakwambia usile karanga na jamii yake kabisa, au haizitaji. Sisi tunasema kula, ni chakula kizuri na ndicho kinachotulipia ada za watoto, ila zipimwe kwa kile kikombe kidogo cha kahawa, kimoja kwa siku, kisha kopo linafunikwa na kurudishwa kabatini juu. Mtu anaweza kuishi na sheria hiyo mwaka mzima. Sheria ya kutogusa korosho kabisa Mtwara haimalizi wiki.

Mwenzetu mmoja ni muuza mandazi. Anaamka saa tisa usiku kukanda, saa kumi na moja mafuta yamepata moto, na saa kumi na mbili, tunapokutana sisi kutembea, ndipo wateja wake wanapopanga foleni. Programu moja aliyowahi kujiunga nayo kabla yetu ilimfuta kwa utoro. Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Yale mandazi yasiyouzika mpaka saa tano ndiyo chakula chake cha mchana, kwa sababu kuyatupa ni kutupa pesa. Ukimpa mwanamke huyu mhadhara kuhusu vyakula vya kukaanga umempotezea muda. Tulikaa naye tukafanya hesabu za unga, akaanza kukanda kilo pungufu siku za katikati ya wiki ambazo biashara hulegea, mabaki yakapungua. Anatembea jioni na binti yake. Bado yumo daftarini.

Ramadhani nayo huwa inamaliza vikundi vingi, hasa vile vilivyojengwa juu ya kifungua kinywa na saa maalumu za kula. Mwezi ukiandama ratiba nzima inakufa. Futari ya kwetu ni muhogo wa nazi, tambi, magimbi, kaimati, uji, na vyote vinaliwa ndani ya saa chache kwa mtu aliyefunga tangu alfajiri. Mpango unaojengwa mji wenye Waislamu wengi kama huu bila kuitaja Ramadhani umeandaliwa na mtu asiyetujua. Tunachofanya ni rahisi: mwezi ule hatudai mtu apungue. Asiongezeke tu. Matembezi yanahamia baada ya tarawehe kwa anayeweza, na Shawwal tunaendelea kutoka hapo.

Halafu kuna mwili wenyewe, na hapa naomba tuwe na huruma, kwa sababu sayansi iko upande wa anayeshindwa. Mwaka 1944, vita kuu ya pili bado inapiganwa, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alianza jaribio na vijana 36 waliojitolea. Walikuwa wazima wa afya, waliokataa kubeba silaha kwa imani zao wakataka kusaidia kwa njia nyingine. Walilishwa kidogo kwa wiki 24 mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito wao, ili ijulikane namna ya kuwarudishia afya watu waliokumbwa na njaa ya vita Ulaya. Vijana wale walianza kuota chakula. Walikusanya vitabu vya mapishi, wakawa wanalamba sahani. Wapo waliokula kwa kujificha wakiwa mjini, hadi ikawekwa amri kwamba hakuna kutoka peke yako, lazima uwe na mwenzako. Na walipoanza tena kulishwa vizuri, baadhi yao walikula kupita kiasi kwa muda mrefu na bado wakasema hawajashiba. Hao ni wanaume wenye msimamo ambao hawakubadilika mbele ya serikali yao wakati wa vita. Nani atasema hawakuwa na nia?

Miaka 50 baadaye, 1994, timu ya Jeffrey Friedman huko New York iligundua leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua leptini inashuka, na ubongo unatangaza njaa. Mwaka 1999 wanasayansi wa Japani wakagundua grelini, inayotoka tumboni na kuamsha hamu ya kula. Kisha mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha habari za watu 50 waliowekwa kwenye dayati kali kwa wiki 10. Mwaka mmoja baada ya dayati, homoni za njaa zilikuwa hazijarudi zilipokuwa mwanzo, na watu wenyewe walieleza kwamba njaa wanayoisikia imezidi ile ya kabla ya kuanza. Mama anayeniambia "nikipungua kidogo tu njaa inanijia kama ya mimba" hajitetei. Anaeleza kilichomo mwilini mwake, na kadiri alivyojinyima kwa ukali ndivyo inavyomrudia kwa ukali.

Mizani nayo ina udanganyifu wake wa mwanzo. Wiki ya kwanza na ya pili inashuka haraka, watu wanapongezana. Sehemu kubwa ya kinachoshuka ni maji, kwa sababu mwili unapotumia akiba yake ya wanga, iitwayo glaikojeni, kila gramu inaondoka na karibu gramu 3 za maji. Akiba ikishatumika kasi inapungua, na mtu ambaye hakuambiwa mapema anaamini programu imekataa kwake. Wauza chai za kupunguza tumbo wanaishi hapohapo. Chai nyingi za namna hiyo zinaharisha tu, maji yanatoka, mizani inashuka, pesa inalipwa, na wiki inayofuata kilo zimerudi zote.

Ukiongeza na matarajio, umepata sababu nyingine kubwa ya watu kuingia mitini. Tangazo linasema kilo 10 kwa wiki 2. Anayekuja kwetu akiwa na kilo 95 anataka 60, uzito aliokuwa nao siku ya harusi. Nchini Italia watafiti waliwafuatilia wagonjwa 1,785 kwenye vituo vya kutibu unene, matokeo yakachapishwa 2005. Ndani ya mwaka mmoja zaidi ya nusu walikuwa wameacha, na waliotarajia kupungua sana ndio walioacha zaidi. Mwaka huohuo, huko Boston, watu 160 walipewa dayati nne zenye majina makubwa, kila dayati watu 40. Mwaka ulipokwisha walibaki 93. Jambo lililoamua nani kapungua lilikuwa ni nani kaifuata dayati yake, iwe ipi katika zile nne. Maana yake mabishano yetu kuhusu dayati gani ni bora hayana faida kubwa. Swali la maana ni ipi utaweza kuishi nayo ukiwa na watoto, mume, biashara na misiba.

Kuhusu kupima, niseme nililoliona kwenye programu moja iliyowahi kupita mjini hapa. Mizani iliwekwa katikati ya ukumbi juu ya sakafu ya saruji, benchi pembeni, na mhudumu alisoma namba kwa sauti ili mwenzake aandike. Mama mmoja alivua viatu, akavua bangili, akakunjua kanga ya juu akaiweka kwenye benchi. Akapanda. Mhudumu akasema kilo, akaongeza, "umeongezeka wewe!" Ukumbi ukacheka, bila ubaya, wanavyocheka watu waliozoeana. Nilimtazama alivyokuwa anazirudisha bangili mkononi mojamoja, ameinama, hazunguki kuangalia mtu. Hakuonekana tena. Hakukuwa na haja ya kumfuata kumuuliza sababu.

Kwetu mizani iko nyuma ya kanga mbili zilizofungwa kwenye kamba. Unaingia peke yako, anayepima anaandika kwenye kadi yako na kukupa bila kutamka. Asiyetaka kuona namba mwezi huo anapimwa presha tu na kiuno. Haikutugharimu shilingi.

Msimu wa korosho ni jambo ambalo mtu wa kuja hawezi kulijua. Oktoba na Novemba nusu ya mji iko shambani. Watu wanahamia huko wiki nzima au mwezi, Tandahimba, Newala, Nanyamba, wanaokota, wanaanika, wanangoja mnada. Pesa ikitoka, sherehe zinafuata, na likizo ya Desemba watoto wanachezwa jando na unyago, ngoma usiku kucha na pilau la kila nyumba. Daftari langu lilikuwa likiwekwa alama ya utoro miezi hiyo yote, na mtu akirudi Januari anajiona ni mkosaji, kwa hiyo harudi. Siku hizi tunaandika "yuko shamba." Aliyeinama chini ya mikorosho kutwa nzima amefanya mazoezi kuliko sisi tuliobaki kutembea ufukweni, na akirudi anaendelea pale alipoachia, haanzi upya.

Upo mfano mmoja wa programu iliyobakiza watu, na ninausimulia kila ninapopata nafasi. Marekani, kwenye vituo 27, watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari walifuatiliwa kwa wastani wa miaka karibu mitatu, matokeo yakatolewa 2002. Kundi lililofundishwa kubadili maisha liliwekewa lengo dogo: kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kila mtu alikuwa na mlezi wake, masomo 16 ya mwanzo, na mwongozo uliorekebishwa kulingana na utamaduni wake. Wastani wa walichopunguza ni kilo 5.6 tu. Kilo hizo chache zilishusha hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Mama wa kilo 90 akisikia kwamba kilo 5 au 6 zinaweza kumwepusha na sindano, uso wake unabadilika. Kumbe hahitaji kurudi kwenye gauni la harusi, na wala hatakonda kiasi cha kumliza mama yake.

Kinachonigusa zaidi katika habari ile ni yule mlezi. Mtu akikosekana, kuna anayejua na anayepiga simu. Mwaka huu tumejigawa: kila mmoja wetu ana wenzake wawili wa kuwafuatilia wakikosa Jumamosi mbili mfululizo. Swali tulilokubaliana ni "Kitu gani kimekuzuia?", na jibu linaandikwa kama lilivyosemwa, hata kama ni jibu la kutulaumu sisi. Mpaka sasa yameandikwa mambo ya mbwa wa njiani, ya mume asiyetaka raba za mazoezi, ya mjukuu mgonjwa, ya mmoja kati yetu anayetembea haraka mno na kuwaacha wazee nyuma. Kabla msimu wa shamba haujaanza tutakaa tuyasome yote, kisha ndiyo tupange saa na njia za kutembea mwakani.